Hesabu ya Mawe ya Lokiri

Arua, 4 Februari 1973

Kwa dada yangu Hawah, Mlima Lokiri, kule juu ambako baiskeli haijawahi kufika kwa magurudumu yake yenyewe,

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Lokiri, wakubwa kwa wadogo, pamoja na nyani wa bondeni, kwamba Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mshipi wa Sulaimani fundi baiskeli ulitobolewa tundu jipya. Tundu hili halikuongezwa upande wa ndani kama mwaka ule wa njaa, bali kwenye ncha kabisa. Waliohudhuria ni mwenye mshipi, nyundo na msumari. Umma unaombwa uwe mtulivu.

Baada ya tangazo hilo, nakusalimu. Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha kila asubuhi kwamba yalizaliwa mlimani na hayapendi kuchuchumaa mjini. Arobaini ya marehemu mke wangu Sadiya ilisomwa vizuri. Majirani wa upande wa msikiti walipika, nami nikakaa mkekani kupokea pole kama mtu mkubwa. Sasa nyumba imekuwa kimya. Kazi ipo, vifaa hakuna; tangu duka la Mhindi lifungwe, spoku za magurudumu zinatoka Kongo moja moja kama peremende.

Neno lenyewe ni hili. Jirani yangu wa sokoni, Abiriga wa Manibe, yule anayeuza unga wa muhogo, amenitukana. Amesema, "Lokiri? Huko iko nyani tu. Mutu hakuna." Nikamwambia kwetu kuna watu hata hawahesabiki. Akajibu kwamba kisichohesabika ni kile ambacho hakipo. Mbele za wateja, dada. Ikabidi nimweleze kuwa sisi hatuhesabu vichwa, maana vichwa vinatembea. Tunahesabu mawe ya kusagia. Bibi arusi akipanda mlima anawekewa jiwe lake mbele ya nyumba, uso juu, na tangu hapo yupo, hata akishuka sokoni, hata akienda kwao kujifungua. Jiwe halilali kifudifudi mpaka afe, au mume atamke neno la kumwacha na dada wa mume aligeuze kwa mikono yake. Abiriga akasema vizuri, basi nimletee hiyo hesabu ya mawe.

Kwa hiyo nakuomba, bila haraka yoyote, niandikie jiografia ya mlima wetu. Maji yanatoka wapi siku hizi, nani anakaa bega gani, mawe yanayotazama juu ni ya nani na nani. Usiruke nyumba. Hata zile ndogo za bega la kati.

Barua hii anakuletea Dumo wa Dranya, dereva wa lori la tumbaku. Ni mtu mwema, ila maneno anayatoa kama anayalipia ushuru.

Ni mimi mdogo wako,
Sulaimani


Lokiri, 11 Machi 1973

Ndugu yangu Sulaimani,

Tangazo limefika. Nimelisoma kwa sauti mbele ya mbuzi, na mmoja amelia. Kama si marehemu baba kurudi kutoka jeshini na Kiswahili chake cha kambini na kutufundisha kuandika kwa fimbo, upuuzi kama huu usingepanda mlima. Mungu amrehemu, hakujua anafungua mlango gani.

Mimi ni mzima. Kifua kilinishika wakati watu walipochoma nyasi kule bondeni, moshi wote ukaja kwangu kama mgeni asiye na aibu. Pole tena kwa Sadiya. Lakini nikuulize, mdogo wangu: miaka yote alipokuwa hai, mbona hukuwahi kuumwa na idadi ya watu wa Lokiri?

Haya, kwa ajili ya muuza unga. Lokiri ni mlima mmoja wenye mabega matatu. Bega la chini linatazama njia ya Koboko. Udongo wake mwekundu, ufuta unaupenda. Bega la kati ndilo letu, mawe mengi kuliko udongo, na kama babu zetu wasingejenga kuta za kuzuia matuta, nafaka yetu ya wimbi ingekuwa inavunwa na watu wa Dranya kila mvua ikinyesha. Bega la juu ni nyasi na upepo. Ukisimama huko asubuhi unaiona Sudan upande mmoja na Kongo upande mwingine, na hakuna hata moja inayokuona wewe. Maji bado yanatoka chini ya ule mwamba uliopasuka, ila kiangazi hiki yamekuwa machozi. Kujaza mtungi ni kazi ya kukaa kitako.

Kuhusu mawe. Bega la chini, ya wake wa Fadhul yote mawili yanatazama juu, na ya wakwe wa mzee Tombe vilevile. Bega la juu hakuna lililolala tangu bibi yetu mdogo afe. Bega la kati kuna la mama yake Mindra, na kuna langu, nililolibeba mwenyewe kichwani nilipofiwa na mume nikarudi nyumbani. Kwa jumla mawe ishirini na mawili yanatazama juu. Mpelekee Abiriga ayale na muhogo wake.

Jiwe la mkeo Hajara linatazama juu. Juzi nililifagia majani.

Dada yako,
Hawah


Arua, 20 Mei 1973

Dada yangu mpendwa,

Abiriga ameshindwa. Nilimsomea barua yako pale pale sokoni, akaguna, akanipa unga kikombe kimoja kama fidia, na unga wenyewe ulikuwa na wadudu, lakini ushindi ni ushindi. Ile sehemu ya Sudan na Kongo nimeirudia mara nyingi mpaka wateja wanaisema kabla yangu.

Habari za hapa si mbaya. Mvua imekuja na matope yake. Waliokuwa wakiziba tairi kwa gundi sasa wanaziba kwa maombi, maana gundi imekwisha mjini kote. Mimi nimejaribu utomvu wa mti, na baiskeli ya mwalimu mmoja wa Mvara ilifika mpaka mtelemko wa kanisa ndipo ikakumbuka kwamba imedanganywa. Amenisamehe kwa Kiingereza, kwa hiyo sina hakika.

Kumbe nyumba yangu ya bega la kati bado mnaifagia. Sikutazamia. Je, paa linavuja? Mlango uko upande ule ule? Na watu wa nyumba kama hiyo, nauliza tu kijumla, wanakula nini siku hizi, wana afya, wakikaa jioni wanataja habari za waliokwenda mjini au wamezisahau? Unaweza kujibu kwa kifupi.

Nimemkabidhi Dumo kitenge cha Kongo chenye maua ya njano. Ni cha mwanamke yeyote wa bega letu utakayeona kinamfaa. Mimi sichagui.

Huyu Dumo nimeanza kumzoea. Kila akija namwekea chai ya tangawizi. Juzi nilimuuliza, kwa mazungumzo tu, kama huwa anawaona watu wa Lokiri wakishuka sokoni, mathalani kina Hajara. Akainywa chai yote kwa mkupuo, ikiwa inachemka. Watu wa Dranya wana koo la chuma.

Nakusalimu sana,
Sulaimani


Lokiri, 19 Agosti 1973

Sulaimani,

Nimechelewa kujibu, najua. Kulikuwa na palizi, kisha karanga, kisha mkono wangu wa kulia ulivimba, kisha sikuwa na sababu tena ila kalamu nikiitazama nayo inanitazama.

Kitenge kimefika na nimempa anayestahili. Paa halivuji. Mlango uko pale pale; ulifikiri nyumba hugeuka kitandani kama mtu?

Nikupe habari za watu. Wana wa mzee Tombe wote watatu sasa ni askari, wakubwa hasa, mmoja Jinja na wawili Mbarara. Lori la jeshi lilikuja hadi mguu wa mlima likawachukua wake zao na watoto na vyungu. Wamepewa nyumba za Wahindi walioondoka. Mke wa yule mkubwa aliniandikia kwamba huko maji yanatoka ukutani, na kwamba wiki ya kwanza alikuwa anayaamkia. Wake wa Fadhul nao wamemfuata mume wao. Kila mtu anasema Lokiri tumebahatika mwaka huu kuliko mlima wowote, na mimi nasema ndiyo, tumebahatika. Walishuka wakiimba. Niliwasikia mpaka njia ilipopinda.

Hakuna aliyeniambia nigeuze jiwe lolote. Watarudi, wamesema. Basi hesabu yako ni ile ile, ishirini na mawili.

Umeniandikia kwamba unawaza kuja kupumzika huku mlimani. Au hukuandika, mimi ndiye niliyesoma hivyo? Usije kwanza mwaka huu. Njia ya bega la chini imekatwa na maji, na wewe na mshipi wako mtakwama.

Hawah


Arua, 9 Septemba 1973

Dada yangu,

Nilikuwa nimeandaa tangazo jingine, la meno, lakini nimeliacha. Barua yako nimeisoma nikasikia kitu ambacho hukukiandika, nacho ni kwamba umechoka kukaa peke yako na hao wachache waliobaki.

Basi nakuja. Si kutembea, nakuja kukaa. Mindra, mtoto wa mama yetu wa jirani aliye hapa mjini, anachukua nafasi yangu sokoni pamoja na pampu na lile benchi linalouma. Nimepata mabati machache, yametoboka lakini kwa heshima. Abiriga ameniuliza nani atamtukana nikiondoka. Nimemwambia atafute mtu wa kwao Manibe.

Nitafunga Ramadhani hapa, na baada ya Idi nitapanda lori la Dumo. Nilipomwambia akasema springi imevunjika. Nikamwambia Idi bado mbali, springi itapona. Akasema na kioo pia. Dada, huyu mtu anapenda lori lake kiasi cha kutotaka kulibebesha mzigo.

Sasa nitasema bila kuzunguka mlima. Jiwe la Hajara linatazama juu, wewe mwenyewe umeandika kwa mkono wako, na mimi ni mtoto wa Lokiri, najua maana yake. Miaka hii yote sikulitamka lile neno. Mwambie nakuja. Mwambie hata akitaka kuninyima salamu mwaka mzima, nitakaa nje ya mlango na kuziba pancha za mbuzi.

Mdogo wako,
Sulaimani


Lokiri, 14 Oktoba 1973

Ndugu yangu Sulaimani,

Barua ya toba kama hii ingewafaa Wakristo kwenye Kwaresma yao, lakini sisi tuko Ramadhani, kwa hiyo sitasema uongo nikiwa na saumu.

Ishirini na mawili ni mawe. Watu tuko wanne. Bega la juu hakuna mtu. Nyani wamelala katika nyumba ya bibi, Abiriga hakukosea sana. Bega la chini yupo mzee Tombe na binti yake Helen asiyesikia vizuri. Bega la kati ni mama yake Mindra na mimi. Jioni tukiwasha moto, kutoka njia ya Koboko mtu akitazama anaona mlima wenye mataa matatu.

Hajara hayupo. Alishuka miaka mitatu iliyopita, mvua za kwanza. Kabla ya hapo alikuja kwangu mara nyingi kuniomba nikuandikie utamke neno, na kila mara nilimwambia ngoja, atarudi. Siku ya mwisho hakuomba. Alisema, "Wifi, mimi nimesaga kwenye jiwe hili mpaka limeingia shimo. Sasa nakwenda kwa mtu anayekula ninachosaga." Nilimsindikiza mpaka bega la chini. Nilimbebea kapu.

Anakaa Dranya. Wana watoto wawili. Mtu mwenyewe ni Dumo. Ndiyo, huyo huyo.

Najua utasema watu wa Koboko wote wanapita Arua na hakuna aliyefungua mdomo. Umesahau kwenu? Habari ya mke wa mtu husemwa na dada wa mume au haisemwi. Walikuwa wakiningoja mimi.

Na mimi kuligeuza jiwe bila neno lako nisingeweza. Kukuomba neno nako sikutaka, maana nilijua ukishalitoa hutakuwa na kitu kinachokudai Lokiri. Nililiacha lile jiwe litazame juu kama mtu anavyomfunga ndama ili ng'ombe arudi. Haya, ng'ombe amesema anarudi, na ndama nilishamwachia.

Kuna jambo moja la kweli unalotakiwa kulifanya. Baba yake Hajara hapokei mahari ya Dumo maadamu jiwe halijalala. Mama yake hajakanyaga nyumba ile, hata mtoto wa pili alipozaliwa. Watoto wanaitwa wa Dumo barabarani, lakini kwa wazee hawana pa kukaa. Ni neno lako tu wanalongoja.

Nimemwambia Dumo akupe barua hii baada ya Idi na asiondoke mpaka umalize kuisoma.

Dada yako, aliyekosea,
Hawah


Arua, 4 Novemba 1973

Dada Hawah,

Idi njema iliyopita. Bila shaka Dumo ameshakuambia kwamba nilicheka, nikampa mkono, nikammiminia chai, mambo yakaisha kama watu wastaarabu. Amekuambia hivyo kwa sababu ana huruma. Nami nakuandikia ilivyokuwa.

Alikuja Jumatano. Alinipa barua akasimama karibu na lori, injini inaunguruma. Nilisoma polepole, unajua mwandiko wako. Nilipofika pale pa jina lake niliinua macho, naye alikuwa amevua kofia.

Nikamuuliza kwa nini amekunywa chai yangu miezi yote hii bila kuniambia. Akasema, "Mzee, mimi si dada yako." Akaendelea, na siku hiyo alisema mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. "Kila mwezi nakuja kusema. Njiani nasema vizuri. Nikifika wewe unaniuliza safari, unaweka sukari, unanitengenezea breki. Nitasema wapi?"

Nikamuuliza kitenge cha njano kilikwenda wapi. Akasema Hajara alikivaa siku ya Idi. Hakujua kimetoka kwangu. Alidhani umempa wewe.

Hapo ndipo mtu mwema angetamka neno. Mimi sikulitamka. Nilimwambia aende zake, nitafikiri, nitaleta jibu siku nyingine nikipata nafasi. Nilisema "nikipata nafasi", dada, na baiskeli yenyewe iliyokuwa mbele yangu ilikuwa moja, nayo ya jana. Hakubisha. Akavaa kofia, akapanda, akashusha breki ya mkono ile niliyomtengenezea. Lori likaanza kusogea taratibu kwa sababu sokoni kulikuwa na mbuzi njiani.

Nilitaka kulishika lile neno. Si kwamba lingemrudisha. Nilikuwa nimeshajua tangu mstari wa kwanza kwamba halimrudishi mtu. Ila miaka yote hii, watu wakiniuliza nyumbani kwako wapi, nilikuwa najibu mke wangu yuko mlimani. Nikilitoa, nitajibu nini? Nilisimama nikiwaza hivyo mpaka nikawaona wale watoto wawili, sijui nyuso zao, nikawaona tu wamekaa nje ya nyumba ya babu yao, hawaingii.

Nikamkimbilia. Mwili huu, dada, na magoti haya. Nilimfikia kwa sababu ya wale mbuzi, bila wao asingenisikia. Nikashika mlango wa lori nikamwambia, "Hajara si mke wangu. Dada yangu aligeuze. Mwambie leo hii, usilale njiani." Akazima injini katikati ya njia. Alitaka kushuka anipigie magoti, nikamwambia asishuke. Watu walikuwa wameshaanza kutazama, ndipo nikacheka. Kicheko anachokisema ni hicho, kilitokea, lakini kilikuwa cha watu.

Chai sikumpa. Sikuweza.

Wewe sikukasirikii. Nimejaribu jana na leo, haikai. Mabati nimempa Mindra, na nafasi yangu sokoni nimemwomba anirudishie. Amekubali ila benchi ameling'ang'ania, nashukuru. Mlimani nitakuja kiangazi, siku chache, kukutazama wewe. Nimeona katika barua zangu zote sikuwahi kusema nakuja kwa ajili yako, na wewe umebaki kule na moto wako mmoja. Tukiwa pamoja tutazungumza kama unataka kushuka, au hutaki. Sitakuchagulia.

Baada ya lori kuondoka nilirudi kibandani nikachukua pampu. Tairi la mbele la baiskeli ya Abiriga lilikuwa limekwisha kuzibwa, linangoja upepo tu. Nikaanza kupampu. Lilijaa, nami naona limejaa, nikaendelea, mikono inakwenda yenyewe, mpaka mpira ukapasuka kwa kishindo na soko zima likageuka. Abiriga akaja mbio na mikono yake ya unga akiuliza kumetokea nini.

Nikamwambia ni mpira mbovu, hii mipira ya siku hizi.

Akaugusa ule mpira, akanitazama. Kisha akasema ndiyo, mipira ya siku hizi iko mbovu, akakaa chini karibu yangu, na unga ukaachwa bila mtu.

Ndugu yako,
Sulaimani